Naombeni msaada: hii okidi yangu ya dukani ni Baldan's Kaleidoscope au siyo?

Pazia la Dirisha (mleta uzi)
Wakuu habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo yamenifika. Nina okidi 11 dirishani, zote za kununua dukani, hakuna hata moja iliyokuja na jina. Kuna hii moja ina maua ya njano, mistari myembamba ya zambarau inatoka katikati kwenda ukingoni, mdomo wa ua mwekundu wa kukolea. Ua lina upana wa sentimita 7 hivi. Nimelinganisha picha mtandaoni mpaka macho yanawasha, naona kabisa ni Baldan's Kaleidoscope, yule chotara wa okidi za jamii ya Phalaenopsis. Mwenye uzoefu anithibitishie. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

MzeeWaVyungu
Karibu. Kwa picha peke yake hakuna wa kukuthibitishia, na atakayekuthibitishia muogope.

Jina la okidi chotara ni jina la ukoo, halitokani na sura. Wazazi wawili wakishapandishwa na uzao wao ukasajiliwa, watoto wote wanabeba jina moja, hata kama mmoja katoka na mistari na mwenzake kapauka. Watu wanaandika wazazi tangu enzi za John Dominy, yule mkulima wa Uingereza ambaye chotara wake wa kwanza wa okidi alichanua mwaka 1856. Leo daftari la majina hayo liko kwa Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, na machotara waliomo wamepita laki moja. Njano yenye mistari humo ni wengi mno. Halafu hawa wa dukani wengi hawajasajiliwa kabisa: mzalishaji anapata mche mmoja uliompendeza, anaukuza maabara unakuwa maelfu ya nakala, kazi imeisha, jina la nini.

Andika "Phalaenopsis chotara, jina halijulikani", tarehe uliyonunua, piga picha ua likiwa na rula pembeni. Inatosha.

Bibi Chanikiwiti
Afadhali wewe mwanangu una mistari. Mimi niliuziwa ya bluu. Bluu kama wino wa shule! Nikaringa nayo kwa majirani. Maua yakaanguka, nikasubiri miezi, kikonyo kipya kikatoka, kikafungua... meupe pee. Nikajilaumu, nikasema nimekosea mbolea. Kumbe ilikuwa nyeupe tangu kuzaliwa, walipitisha rangi kwa kutoboa shina la maua. Tundu lenyewe lilikuwa limezibwa kwa nta, na mimi kila wiki nalipangusa vumbi na kitambaa nikidhani ni kovu.

Mtani wa Wote
Mpe jina Zuhura yaishe. Mbona paka wako hukumtafutia wazazi?

Jani Bichi
Swali kwa mleta uzi: Ijumaa kuna nini?

Pazia la Dirisha
Ni mambo yangu binafsi tu mkuu. Nilitaka kujua ni Kaleidoscope au siyo.

Jani Bichi
Ua halina haraka, mwenye haraka ni wewe. Funguka tukusaidie.

Pazia la Dirisha
Haya. Kuna dada mmoja ni mkusanyaji haswa, kila mche wake una kibao. Tulikubaliana kubadilishana. Yeye anipe Phalaenopsis bellina, ile ya asili kabisa, si chotara. Mimi nimpe kitoto kilichoota kwenye kikonyo cha hii yenye mistari. Alitangulia kunipa ya kwake, Ijumaa anakuja kuchukua ya kwangu.

Nilimwambia ni Kaleidoscope kwa sababu programu ya simu ya kutambua mimea ilisema hivyo. Mara mbili! Mara ya tatu ilisema kitu kingine, ila mwanga ulikuwa hafifu. Kitoto nimeshakikata na mkasi wangu wa kila siku, kina mizizi mitatu mizuri, na kibao nimeshakiandika kwa wino usiofutika. Jamani mimi sioni uongo hapo, zinafanana kama mapacha. Na hiyo bellina niwaambieni, nikirudi kazini usiku chumba kizima kinanukia, huwezi kumrudishia mtu kitu kama kile.

MzeeWaVyungu
Kwa hiyo hukuja kuuliza, ulikuja kutafuta mashahidi.

Kijana, huyo dada atakitunza kile kitoto, mwakani atampa mtu mwingine pamoja na kibao chako, naye atampandisha na mwingine aandike wazazi. Uongo wako utapata wajukuu. Mimi mwenyewe nina moja nililetewa na jina refu la kifahari miaka hiyo, ilipochanua hata rangi haikuwa yenyewe. Mpaka leo sijui ni nani.

Mtani wa Wote
Wino usiofutika, ila ukweli unafutika. Nimeleta mkeka, nakaa hapahapa.

Jani Bichi
Mnamsuta kwa jina, mimi nina wasiwasi na huo mkasi. Huo mkasi wa kila siku umekata okidi ngapi? Kuna virusi viwili vinavyozisumbua sana hizi, cha mozaiki ya Cymbidium na cha mabaka ya duara ya Odontoglossum (hayo ni majina ya jamii za okidi). Vinahamia kwenye utomvu unaobaki kwenye makali. Dawa havina, na mmea unaweza kuwa navyo ukachanua vizuri tu kama hauumwi. Kitoto ni nakala ya mama yake, mama akiwa navyo, mtoto usimwamini. Kufuta na spiriti peke yake usikutegemee, choma makali kwenye moto kati ya mche na mche.

Jicho Kavu
Samahani wakuu, hii ni chai. Tena imewekwa tangawizi.

Bellina hunukia mchana. Ninayo, asubuhi jua likishapanda ndiyo inaanza, jioni unasogeza pua mpaka ndani ya ua hupati kitu. Huyu anarudi usiku chumba kizima kinanukia? Hiyo okidi hana. Na ukishaona hana bellina, basi hakuna dada, hakuna Ijumaa. Tumepewa hadithi tuchangamke.

Bibi Chanikiwiti
Wewe naye, labda pua yake ina shida. Muacheni mtoto wa watu.

Mtani wa Wote
Nakunja mkeka?

Jicho Kavu
Atupie picha ya bellina na saa ya leo. Dakika kumi.

Mtani wa Wote
Saa nzima sasa. Nimekunja nusu.

Pazia la Dirisha
Dada yupo. Ijumaa ipo. Bellina ndiyo haipo.

Nilikaa nayo siku nne. Ilikuwa na kichipukizi cha maua, haijafungua. Kuna jamaa akaiona akanipa okidi ya jamii nyingine, Vanda ya zambarau, tukabadilishana, mizizi inaning'inia hewani urefu wa mkono, nikashindwa kukataa. Hiyo harufu niliisoma tu. Dada hajui. Ameniandikia jana anauliza bellina imeshafungua.

MzeeWaVyungu
Lo.

Jani Bichi
Na kibao chake kilienda na mche?

Pazia la Dirisha
Ndiyo. Cha kwake kilikuwa sahihi.

Jicho Kavu
Basi nafuta kauli nusu. Mpigie leo, usingoje aje aone dirisha.

Pazia la Dirisha
Nikimpigia nianze na lipi? Jina au bellina?

Bibi Chanikiwiti
Bellina, mwanangu. Jina atakusamehe.

Jani Bichi
Na umwambie habari ya mkasi kabla hajakiweka kile kitoto karibu na vyake.

Mgeni Njiani
Samahani kuingilia, na mimi ya kwangu majani mapya yanatoka yamekunjamana kama kodiani. Ni ugonjwa?

Jani Bichi
Kiu hiyo. Fungua uzi wako mkuu, hapa kuna msiba.