Bili ya umeme inamaliza faida ya duka, nianzie wapi?

MwenyeDuka
Wakuu, habari za kazi. Nina duka la vyakula: friji nne za milango ya vioo, friza mbili zinazofunguliwa juu, na friji moja ya wazi isiyo na mlango. Bili ya umeme inapanda kila mwezi, na bei za bidhaa siwezi kuzipandisha ovyo, wateja watahama. Taa zote nimeshaweka LED lakini nafuu ni ndogo. Jamaa mmoja ananishauri nifunge sola, ila itabidi nikope. Nisaidieni kabla sijaingia kwenye deni.

FundiBaridi
Usikope kwanza, mkuu. Kwenye maduka ya vyakula, friji na friza huchukua karibu nusu ya umeme wote. Leo ukifunga soma mita, kesho kabla ya kufungua soma tena. Usiku taa zimezimwa na hakuna anayefungua milango, kwa hiyo kitakachotumika karibu chote ni cha friji.

MwenyeDuka
Nimesoma. Kwa muda wa saa 10 usiku, yuniti 13! Duka limefungwa kabisa. Nimeshtuka.

FundiBaridi
Sasa tuanze. Friji kazi yake ni kutoa joto ndani na kulimwaga nje kupitia kondensa, yale mabomba yenye mapezi membamba ya bati. Kondensa ikijaa vumbi joto halitoki, kompresa, yaani pampu ya friji, inanguruma bila kupumzika. Chomoa waya, fungua kava la chini au la nyuma, safisha kwa brashi laini kufuata mapezi yalivyosimama. Usiyapinde, hewa haitapita. Kisha isogeze friji kutoka ukutani ipumue.

Baada ya hapo, milango. Bana karatasi kati ya mlango na fremu, funga, halafu ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka hapo. Zungusha pande zote nne, hasa pembe za chini. Na kwenye friza, barafu ikishakuwa nene izime uiyeyushe. Usichokonoe kwa kisu, nakuomba sana: friza nyingi za siku hizi zina R290 au R600a, gesi zinazowaka moto.

MamaKaunta
Kaka, mimi iliyonitesa ni hiyo ya wazi. Sehemu kubwa ya joto inalopambana nalo ni hewa ya dukani inayoingia mbele. Nilianza na pazia la usiku, baadaye nikafunga milango ya vioo. Niliogopa mauzo yatashuka, lakini wateja walizoea. Kwa sasa usipange bidhaa kupita ule mstari wa mwisho wa kupakia, maana zinaziba hewa baridi inayoshuka mbele. Na feni isiielekee.

Kimyakimya
Mimi friji zangu zote naziwekea taimer, usiku zinazima.

FundiBaridi
Hapo tusipotoshane. Soda na maji ya chupa sawa, ziwashe mapema zipoe kabla ya kufungua. Maziwa na nyama HAPANA. Hivyo vikae nyuzi 4 au chini yake muda wote, na vilivyogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Ila kushusha zaidi ya hapo nako ni kuchoma umeme bure.

MwenyeDuka
Nimerudi wakuu. Jumapili nzima nimeshinda sakafuni na brashi. Friji ya tatu ilikuwa na vumbi zito kama kipande cha blanketi, limetoka lote kwa mkupuo mmoja. Karatasi imeteleza kwenye pembe ya chini ya friji mbili, na nilipoweka kiganja pale nikasikia ubaridi unatoka. Ya wazi nimeitundikia pazia usiku. Friji ya vinywaji nimeiwekea taimer. Usiku wa jana: yuniti 9. Sikuamini, nikasoma mita mara mbili.

Sasa mipira niagize vipi? Na sola niachane nayo?

FundiBaridi
Hongera. Piga picha kibandiko chenye namba ya modeli ndani ya friji, halafu pima urefu na upana wa mpira uliopo kabla ya kuagiza. Sola isubiri. Badilisha mipira, fikiria milango ya hiyo ya wazi, halafu soma mita mwezi mzima. Ukihesabu paneli kwa matumizi ya sasa, utanunua paneli za kulisha uvujaji ambao brashi na mpira vinauziba.

MamaKaunta
Ukifikia kwenye milango ya vioo nitafute, nikueleze nilivyoipima.