Tunalipishwa sauti mia nne, hai-hati haijui nusu: malalamiko ya mpiga drams wa Lamu

Ndugu zangu wapigaji, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie. Miezi saba iliyopita nilinunua Mombasa seti ya drams za umeme kwa shilingi 68,000, nikaileta kwa basi hadi Mokowe, nikaivusha kwa mashua na kuipakia juu ya punda hadi mlangoni, kwa kuwa mwenye duka aliniapia kwamba inapigika kama drams halisi. Haipigiki hivyo hata kidogo.

Aishiye Mji wa Kale wa Lamu anajua kilichonisukuma. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, vichochoro havipitishi zaidi ya punda na mzigo wake, na msikiti hauko mbali na mlango wa mtu yeyote. Drams za kawaida huwezi kuzifanyia mazoezi hapa bila kuwavunjia majirani heshima, kwa hiyo kwetu za umeme ndiyo njia pekee ya kujifunza.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hai-hati, ile jozi ya matoazi inayofunguliwa na kufungwa kwa mguu. Pedali yake ni swichi tu: ama imefungwa, ama iko wazi. Ninapoinua kisigino polepole ili matoazi yagusane kidogo na kutoa ule mchakacho wa katikati, ambao nusu ya mapigo ya taratibu huishi ndani yake, hausikiki. Sauti inaruka ghafla kutoka ncha moja hadi nyingine. Na nikilishika toazi kubwa kwa vidole ili kuikata sauti yake, linaendelea kuvuma kana kwamba sijaligusa.

Snea, ngoma kuu ya mikono, nayo ni pedi ya mpira mgumu tu. Vipigo vidogo vya kujazia, vile vinavyosikika kama mnong'ono kati ya mapigo makubwa, haivisikii. Nilipoongeza usikivu kwenye kisanduku cha sauti, ikaanza kulia yenyewe kila nilipopiga tom, ngoma iliyo kando yake, kwa kuwa mtikisiko unapita kwenye fremu na kifaa hakiwezi kuutofautisha na kijiti. MIDI, lugha ambayo vifaa hivi huzungumza tangu 1983, ina ngazi 127 za nguvu ya pigo. Kwa masikio yangu, seti hii inatumia tatu au nne. Mpiga chapuo wa hapa akisogeza vidole kutoka katikati ya ngozi hadi ukingoni, hata mtoto anasikia tofauti. Mimi nikipiga katikati au pembeni, ni pigo lile lile, limekaririwa, na nikipiga mfululizo wa haraka inakuwa bunduki ya rashasha.

Wala si kwamba dawa haijulikani. Pedi za pembe sita za drams za umeme za Simmons SDS-V za 1981 zilikuwa ngumu kiasi cha kuwaumiza wapigaji vifundo vya mikono, na mwaka 1997 kampuni ya Roland ikatoa drams za umeme za TD-10 pamoja na ngozi za wavu, laini kwa mkono, ilizotengeneza kwa kushirikiana na Remo, watengenezaji wa ngozi za ngoma. Leo wavu umeshuka hadi kwenye seti za bei ya chini. Basi kwa nini nimeuziwa mpira, halafu nikasifiwa sauti zaidi ya 400 na nyimbo za kusindikiza? Ninatumia snea moja. Fedha zilizokwenda kwenye hizo sauti zingenunua hai-hati inayojua nusu na robo.

Tena kuna waya. Pedi zote zinaingia kwenye kebo moja nene yenye plagi ya pini nyingi, na hewa ya chumvi ya hapa imekwisha kuiotesha kutu ya kijani. Pini moja ikikatika, huenda hata seti nzima ikanyamaza. Kama kila pedi ingekuwa na plagi ya kawaida ya robo inchi, ile ya gitaa, fundi redio yeyote angeitengeneza kabla ya adhuhuri. Duka lilinijibu kwamba kebo hiyo haiuzwi peke yake.

Wala tusidanganyane kwamba ni kimya. Pedali ya besi inagonga sakafu ya boriti, na jirani wa chini amekwisha kunigongea mara mbili.

Ninalotaka ni seti ya pedi nne tu: wavu kwenye snea, hai-hati ya kweli, toazi linalokatika kwa vidole, plagi za kawaida. Mwenye nayo chini ya shilingi 90,000, na anaishi karibu na bahari, anieleze imedumu muda gani.