Mjadala: Je, mechi zetu za Jumanne ziwe za daraja?

Hoja iliyo mezani ni hii. Mwenye chumba chetu cha gemu hapa Section 58, Nakuru, amependekeza kwamba kuanzia mwezi ujao mechi zetu za gemu ya risasi kwenye kompyuta, watano kwa watano, ziwe za daraja. Kila mchezaji apewe pointi, apande akishinda, ashuke akishindwa, jedwali libandikwe ukutani, na mtu acheze na wa daraja lake tu: Shaba, Fedha, Dhahabu. Kaka yetu wa Free Area ameunga mkono kwa maneno makali, dada yetu wa Lanet amepinga kwa ukali ule ule, na wengi wenu mmesoma mkanyamaza. Nimecheza hapa tangu kompyuta zilipokuwa sita, na sasa ziko kumi. Naomba niseme langu, kisha mnijibu.

Naanza na hesabu, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Kundi letu lina watu 34. Jumanne iliyopita tulifika 14. Nilipofika nyumbani niliwagawa hao 14 kwenye karatasi kwa madaraja matatu, kwa kadiri ninavyowajua: wa juu wanne, wa kati saba, wapya watatu. Hakuna daraja lililofikisha watu kumi. Yaani kama kanuni hii ingekuwa inatumika usiku ule, hakungechezwa mechi hata moja. Mashine kumi zingewaka, na sisi 14 tungejaa kwenye benchi la mlangoni tukitazamana.

Sasa chukua kumi kati ya hao hao bila kuwatenga. Kuna njia 126 za kuwagawa katika timu mbili za watano. Katika hizo 126, karibu kila usiku itapatikana moja ambayo nguvu za pande mbili zinakaribiana sana, hata kama mmoja wao ameshika kipanya kwa mara ya kwanza na mwingine amecheza miaka minane. Kwa watu wachache kama sisi, mizani ya haki imo katika namna ya kugawa timu. Kutenga watu kwa madaraja ni dawa ya mahali penye maelfu ya watu kwenye foleni saa ile ile, na hata huko imeleta maumivu. Mnaokumbuka Team Fortress 2, gemu ya risasi ya timu kwa timu, mnajua. Ilitoka 2007, na kwa miaka mingi watu waliingia na kutoka kwenye seva wapendavyo. Julai 2016 Valve, watengenezaji wake, wakaongeza mechi za daraja, sita kwa sita, na katika sasisho lile lile wakaondoa njia ya zamani ya kuingia mchezoni haraka. Malalamiko yalikuwa mengi: foleni ndefu, mechi zisizolingana. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuomba daraja. Walitaka kucheza nusu saa baada ya kazi, basi.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Free Area, kwa jedwali na kutengana nasema hapana. Lakini tafadhali usinihesabu upande wa dada wa Lanet, maana naye sikubaliani naye.

Dada, umesema pointi zitaaibisha wanyonge, na kwamba chumba hiki kilikuwa kizuri kwa sababu hakuna anayepimwa. Nakuheshimu, lakini si kweli kwamba hatupimani. Tunapimana kila Jumanne, kwa sauti, mbele ya watu. Manahodha wawili wanasimama pale karibu na soketi, wanachagua mmoja mmoja, wengine wamejipanga ukutani. Mdogo wetu wa Shabab, yule anayependa kucheza tabibu, mwenye kazi ya kuponya wenzake mchezoni, alichaguliwa wa mwisho wiki tano mfululizo. Mara ya tano sikusikia hata jina lake likitajwa. Nahodha alisema, "Haya, huyo bakini naye nyinyi." Alikaa mashine namba tisa, akavaa vifaa vya masikioni, akacheza mechi nzima bila kusema neno. Na tabibu asiyesema neno ni hasara kwa timu, kwa sababu kazi yake nusu ni kuita: nani ameumia, nani arudi nyuma, lini tusonge. Walishindwa. Wiki iliyofuata hakuja. Hajarudi tangu hapo.

Hilo nalo ni daraja. Tena ni daraja baya kuliko la mashine, kwa sababu linatangazwa hadharani, halina kanuni, na halimpi mtu njia ya kupanda. Nahodha huchagua rafiki yake, au yule anayepiga vichwa vingi, yaani risasi za kichwani. Tabibu hapigi vichwa. Kwa macho ya nahodha hana thamani, na huenda ndiye aliyeshinda mechi.

Ninachoomba ni nambari za siri zitakazotusaidia kugawa timu, na si kitu kingine. Njia ipo tangu zamani. Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani, aliitengenezea sataranji. Shirikisho la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, mwaka 1970. Wazo lenyewe mtu wa darasa la nane analielewa. Kabla ya mechi, tofauti ya pointi inakwambia nani anatarajiwa kushinda. Timu yenye wastani wa 1500 ikikutana na ya 1700, nafasi yake ya kushinda ni kama 24 katika 100. Ikishindwa, ilitarajiwa, kwa hiyo inapoteza kidogo. Ikishinda, imefanya jambo kubwa, inapata nyingi. Kwa kipimo cha kawaida cha 32, yaani mechi moja haiwezi kuhamisha zaidi ya pointi 32, wa chini anayeshinda anachota pointi 24, na anayeshindwa anapoteza 8 tu. Mnyonge haadhibiwi kwa kushindwa na mwenye nguvu. Sasa linganisheni na manahodha wetu.

Na jambo moja ninalisisitiza kwa nguvu zangu zote: pointi zihesabiwe kwa ushindi wa timu peke yake. Zisihesabiwe kwa idadi ya uliowaangusha. Siku utakayompa mtu pointi kwa kuangusha watu, hakuna atakayekubali kubaki kulinda mlango wa nyuma, na tabibu hatapatikana tena.

Kaka wa Free Area ametoa mfano wa ndondi, na ni mfano mzuri, naukubali. Amesema hapa Nakuru ni mji wa ndondi, na hakuna kocha pale Madison Square Garden, ukumbi wetu wa ndondi hapa hapa Nakuru, atakayempandisha ulingoni kijana wa kilo 51 apigane na wa kilo 91. Kwa nini sisi tufanye hivyo kila wiki? Kweli kabisa. Lakini bondia anapanda kwenye mizani, dakika moja uzito wake umejulikana, na mpiganaji ni mmoja. Sisi tuko watano, na ushindi ni wa watano. Mashine itajuaje sehemu ya kila mtu? Kwa kumwona mara nyingi, na kila mara akiwa na wenzake tofauti. Watafiti wa Microsoft waliotengeneza TrueSkill, mfumo uliotumika kwenye Xbox, walikadiria kwamba kwa mchezo wa mtu na mtu mashine inahitaji takriban mechi 12 kumjua mchezaji. Kwa timu mbili za wannewanne, inahitaji takriban 46. Sisi ni watanowatano, kwa hiyo msitegemee pungufu ya hapo. Kila mtu hapa hucheza kama mechi nne kwa Jumanne moja. Piga hesabu: karibu wiki 12 kabla nambari yako haijaanza kusema ukweli, na hapo ni kama hukukosa hata mara moja. Mwenye chumba anataka jedwali ukutani mwezi wa kwanza. Jedwali hilo litakuwa la uongo, na watu wataliamini kwa sababu limepigwa chapa.

Nina sababu nyingine ya kuogopa ukuta, na hii ni yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa nikicheza mchezo mmoja wa simu wenye madaraja. Nilipanda hadi karibu na juu kabisa. Binamu yangu aliye Molo alikuwa ameanza tu, na kila jioni alinitumia ujumbe: "Kaka, tuingie?" Nilijua nikicheza naye nitashuka. Nikawa namjibu kwamba nina kazi. Miezi miwili mizima. Mtoto yule nilimfundisha mimi kushika simu kwa vidole vinne, na nikamnyima mchezo kwa ajili ya rangi ya nembo. Siku moja akaacha kutuma. Hakuna aliyenilazimisha, ile nembo ilikuwa mbele ya macho yangu kila nilipofungua mchezo, na nikaanza kuilinda. Najua tukibandika majina ukutani pale Section 58, wako watakaofika Jumanne, watazame nani amekuja, kisha waseme leo hawajisikii vizuri.

Wengine watafungua akaunti mpya ili wajifiche na kuwaponda wapya. Vijana wanaita smafu. Kwenye chumba kidogo tunajuana sura, hilo halinisumbui sana.

Linalonisumbua ni wale wenzetu wanane wanaoingia mechini kwa mtandao kutoka nyumbani. Pendekezo linasema anayetoka katikati ya mechi apigwe faini ya pointi na kufungiwa. Limeigwa kwenye michezo mikubwa. Counter-Strike, gemu nyingine ya risasi, kwa mfano ilikuwa ikifungia dakika 30, kisha saa 2, kisha saa 24, kisha siku 7 kadiri unavyorudia. Nia ni njema, maana kuachwa wanne dhidi ya watano ni udhia. Lakini sisi tunaishi wapi? Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mtandao za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini na mtandao ukalegea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hizo ni siku kubwa zilizotangazwa. Kuna zile ndogo zisizotangazwa, transfoma ya mtaa ikilia mvua ikianza. Mwenzetu wa Kaptembwo akitoweka mechini, mashine haiwezi kujua kama amekasirika au yuko gizani anatafuta mshumaa. Mimi nasema mechi ikipoteza mtu kabla ya nusu, ifutwe, hakuna anayepata wala kupoteza. Aliyebaki ataudhika. Bado ni afadhali kuliko kumfungia mtu wiki nzima kwa kosa la waya.

Kwa kaka wa Free Area na wenzake wanaotaka timu ya mashindano, nalichukulia ombi lenu kwa uzito. Mnataka kukutana na wa Nairobi na Eldoret, na mazoezi ya kuchekeana hayatawafikisha. Tengeni Jumamosi moja kwa mwezi, anayetaka aje, matokeo yaandikwe wazi, na jedwali hilo libandikwe likiwa na majina ya waliokubali tu. Jumanne iachwe wazi kwa kila mtu.

Mwenye chumba, naomba wiki 12 kabla hujaenda kupiga chapa. Jumanne ijayo nitakuja saa kumi na moja na laptopu yangu. Kila mtu ataanza na 1500, mimi na mdogo wetu wa Shabab sawasawa. Hakutakuwa na manahodha. Programu itasoma majina ya waliofika na kutoa timu mbili, na nambari sitamwonyesha mtu, hata akinunua chai. Tayari nimempigia simu mdogo wetu. Amesema atafikiria, kisha akaniuliza kama bado kutakuwa na kujipanga ukutani.

Sijapata jibu la moja: wanne wanaobaki nje mechi inapoanza, wasubiri kwa zamu, au walioshindwa ndio watoke? Walioshindwa wakitoka, mpya atakuwa benchini usiku mzima. Zamu zikitumika, timu zinabadilika kila mechi na wengine mtanung'unika kwamba hamzoeani. Mimi naelekea kwenye zamu. Semeni.