Tupeane uzoefu: mfuko umekauka, kiporo kipo, usiku familia inakula nini?

Mama wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi ukishavuka nusu, mimi siendi sokoni kabla sijafungua makabati. Naangalia kwanza kilichopo: wali uliobaki mchana, bakuli la maharage, unga kidogo, vitunguu viwili vilivyoanza kuota. Nikishajua nina nini ndipo natoka, na nanunua kitu kimoja tu kibichi. Ikiwa nyanya, nyanya. Ikiwa mchicha, mchicha. Hicho kimoja ndicho kinachofanya chakula kisionekane cha kuokoteza.

Jana ilikuwa wali kiporo na dagaa wa Mwanza. Dagaa nawaweka kwenye kopo lenye mfuniko, wanakaa muda mrefu ilimradi wamekauka vizuri. Nilitoa vichwa, nikawaosha kwa maji ya moto mpaka mchanga ukaisha chini ya beseni, nikawatandaza kwenye ungo wapate upepo. Mafuta vijiko vitatu, moto mdogo, unageuza hadi ukitikisa kikaango wanalia kama majani makavu. Unawatoa. Kwenye mafuta yaleyale unatia kitunguu, halafu nyanya za mia tano, unaziacha zikauke mpaka mafuta yajitenge pembeni. Dagaa wanarudi mwisho kabisa, dakika moja tu, na ndimu juu. Ukiwarudisha mapema wanalainika, na ile harufu inarudi nao.

Wali niliunyunyizia maji, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Tumekula watu sita, na yule mdogo wangu ambaye kila siku anauliza nyama iko wapi, jana hakuuliza.

Sasa tupeane uzoefu. Msiniletee mapishi ya kwenye runinga yale ya kuanza na krimu. Leteni mlichopika wenyewe, kwa kilichokuwepo.

Msela Jikoni

Dada umenigusa. Naishi na wadogo zangu wawili Gongo la Mboto, baba ni mimi, mama ni mimi. Tegemeo langu ni chapati za maji.

Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi, yai likiwepo (lisipokuwepo maisha yanaendelea), maji mpaka upate uji unaomiminika bila kukatika. Mboga yoyote iliyobaki kwenye sufuria, iwe mchicha au kabichi, naikatakata naitumbukiza humohumo pamoja na kitunguu na pilipili. Maharage nayo yanaingia, ila uyachuje mchuzi kwanza na uyaponde kidogo, la sivyo chapati haigeuki, inakatikia kwenye mwiko.

Mafuta simimini. Nakata kitunguu nusu, nakichoma kwa uma, nachovya kwenye mafuta na kupaka kikaango. Mafuta ya kupima ya mia tano yanamaliza chapati zote na yanabaki. Ya kwanza huwa inang'ang'ania, hiyo ni ya mpishi. Zilizobaki wadogo zangu wanazikunja na chai ya rangi, wanalala.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Wanangu, mnasema viporo lakini hakuna aliyetaja nazi, na nazi ndiyo inayomwaga chakula cha watu.

Chakula chenye tui hakilali. Kwa joto letu hapa Unguja, mchuzi wa nazi wa mchana ukifika usiku bila kuchemshwa ushaanza kuchacha, utauona unatoa povu pembeni. Kwa hiyo mie maharage, kunde, mbaazi nachemsha nyingi kwa maji na chumvi tu. Sehemu ya kula leo naitoa kwenye sufuria nyengine naitia tui. Iliyobaki haijui nazi, na kesho ina nafasi yake.

Samaki ni hivyo hivyo. Samaki akibaki, abaki wa kukaanga. Siku ya pili namwandalia tui: bamia chache, embe bichi au ukwaju kwa uchachu, pilipili nzima isipasuke, tui jepesi lichemke kwanza, zito mwisho. Samaki anaingia wakati nakaribia kuepua, maana yeye kashaiva. Vipande vitatu vya jana vinalisha nyumba nzima, kwa sababu watu wanakula mchuzi, samaki wanamgusa tu.

Na boflo likikauka msitupe. Ponda viazi, tia nyama ya kusaga robo tu iliyokaangwa na thomu na pilipili manga, mkate uliorowekwa na kukamuliwa ukachanganywa humo, finyanga katlesi. Robo ile ya nyama nikiiweka kwenye mchuzi watu watagombana. Kwenye katlesi kila mtu anapata mbili.

Shangazi Pilipili

Mimi mume wangu hali kiporo. Kaapa. Lakini wali wa jana ukikaangwa na kitunguu, karoti na yai moja, huo anaufuta mpaka ukoko, na anauliza nimejifunza hoteli gani.

Mama wa Mbagala

Shangazi, usimwambie tu.

Msafiri wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Kwetu mambo huanzia kwa githeri. Mahindi makavu na maharagwe yanalowa usiku kucha, Jumapili asubuhi yanawekwa kwa jiko la makaa, gesi haiguswi. Sufuria inakaa huko hadi alasiri nikiendelea na kufua. Yakiiva ninagawa kwa mikebe na kuweka kwa friji bila kukaangwa.

Jumatatu ni githeri ya kawaida, kitunguu, nyanya, sukuma ya thelathini imekatwa ndani. Siku inayofuata ninaongeza viazi na kuacha supu nzito, watoto wanaona ni chakula kingine. Ile ya mwisho ndiyo ninayoipenda: viazi vinachemshwa na majani ya maboga, githeri inamwagwa juu, halafu unaponda kwa mwiko hadi inakuwa mukimo. Mahindi yabaki mazima mazima, usiyamalize. Hapo ukiwa na kitunguu cha kukaanga tu cha kuweka juu, umemaliza.

Mvulana wangu mkubwa ako shule ya upili na anakula kama watu wawili. Nyama siwezi kumshibisha nayo. Githeri hunisaidia.

Muuguzi wa Zamu

Nimefurahia uzi, ila naomba nipite na neno kuhusu wali, maana usiku zamu yangu huwa inawapokea walioumwa tumbo kwa ajili yake.

Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Anaishi kwenye udongo na huja na mchele wenyewe. Mbegu zake haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa kwenye sufuria ukiwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zinaamka, wanazaliana, na baadhi yao wanaacha sumu ambayo hata ukiupasha moto mpaka uungue haitoki. Kutapika kunaanza ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula.

Kwa hiyo wali unaotaka uwe kiporo, usiuache ndani ya sufuria umefunikwa. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, na ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Ule kesho yake, sio keshokutwa, na upashe mara moja tu, uwe wa moto hadi katikati. Kupalia ni kuzuri, lakini koroga kwanza, maana juu panaungua huku katikati pamepoa.

Mama wa Mbagala

Muuguzi, shikamoo, lakini friji sina. Na bibi yangu kala wali kiporo na chai asubuhi miaka yote mpaka meno yameisha.

Muuguzi wa Zamu

Marahaba mdogo wangu. Wengi hawapati kitu, ndiyo maana watu hawaamini. Na wanaopata husema chakula kimewakataa, wanakunywa maji ya ndimu, yanapita. Ninaohofia ni watoto wadogo na wazee, kutapika na kuharisha kunawaishia maji haraka.

Kama friji huna, geuza ratiba. Mchana pika ugali, usiku ndio upike wali, kiasi cha kuisha. Maharage yasiyoungwa unaweza kuyachemsha asubuhi na jioni, yachemke hasa, yasipate joto tu. Yakitoa povu au harufu kali usiyaonje ili kuhakikisha. Mwaga.

Fundi Majiko

Wakuu, mnahesabu chakula, hamhesabu moto. Mimi nimefanya hesabu nyumbani kwangu Morogoro, kuna siku kupasha viporo vya sufuria tatu kunakula mkaa kuliko kupika chakula kipya cha sufuria moja. Kiporo cha bure hakipo.

Ndio maana mwisho wa mwezi kwangu ni mseto. Choroko kikombe kimoja, mchele vikombe viwili. Choroko unazichemsha zenyewe mpaka zianze kupasuka, zisivurugike. Unatia mchele, chumvi, maji, ukikaribia kukauka unatia tui, au kama huna nazi, kitunguu kilichokaangwa kikawa cha kahawia. Sufuria moja, moto mmoja. Pembeni papa mkavu au ng'onda aliyelowekwa chumvi ipungue, kipande cha kidole kwa kila mtu kinatosha maana ana chumvi ya kutosha wali wote. Asiyekuwa na samaki ale na kachumbari.

Na kwa maharage, yachemke kwa nguvu dakika kumi na tano hivi ukishayaloweka, halafu ipua sufuria na mfuniko wake, iviringe kwenye blanketi kuukuu, itumbukize kwenye kapu lililojazwa vitambaa, ukandamize mto juu. Ukirudi kazini yameiva au yamebakiza kidogo. Ile dakika kumi na tano ya mwanzo usiiibe. Maharage, hasa mekundu, yasipochemka kisawasawa yanasumbua tumbo vibaya.

Msela Jikoni

Fundi, blanketi halishiki harufu ya maharage?

Fundi Majiko

Linashika. Tenga la kazi hiyo, usilijifunike.

Mama Bukavu

Miye niko Columbus, Ohio, tulifika na watoto wane. Hapa kuna mahali panagawa chakula kwa wenye kipato kidogo, unapewa boksi: mchele, tambi, makopo ya maharage, makopo ya samaki, siagi ya karanga. Mwanzo nilikuwa narudi nyumbani nalitazama lile boksi, sijui nianzie wapi. Watoto walikuwa wanapaka ile siagi kwenye mkate kama wenzao wa shule.

Siku moja nikaangalia maandishi ya kopo: karanga na chumvi. Basi ni karanga tu! Nikanunua spinachi ya barafu, ile ya bei ya chini kabisa, nikakaanga kitunguu, nikatia spinachi, nikakoroga vijiko vitatu vya siagi ya karanga kwenye maji ya moto na kumimina. Samaki wa kopo juu, bila mafuta yake. Ilitoka karibu sawa na lenga-lenga (mchicha) ya karanga ya nyumbani. Tulikula na ugali, na ugali wenyewe nilipika kwa unga wa mahindi wa Wamexico, ule ambao haujapikwa na chokaa, maana ule mwingine unanata na una harufu yake.

Angalieni tu siagi yenye sukari. Mboga inakuwa tamu, mtoto mdogo ndiye peke yake anafurahi.

Shangazi Pilipili

Mama Bukavu, hiyo nimeichukua. Dada yangu yuko Uingereza analalamika kila siku kwamba hakuna kitu cha kupika, na kabati limejaa makopo.

Mangi wa Shamba

Jamani, ndizi hamjazitaja hata mmoja, nimekaa nasubiri.

Moshi nyumbani, mgomba uko nyuma ya jiko, kwa hiyo kiporo chochote cha maharage kinaishia kwenye kiburu. Ndizi mbichi unamenya, unaziweka kwenye maji haraka zisigeuke nyeusi, unachemsha na magadi kidogo. Zikianza kulainika unatia maharage yako ya jana na mchuzi wake, kitunguu na chumvi. Unafunika, baadaye unaponda kwa mwiko, ziwe nzito, mwiko usimame. Mafuta si lazima. Ukiwa na mtindi glasi moja pembeni, hiyo ni karamu, na mtu akilala na kiburu tumboni asubuhi haulizi chai mapema.

Uzuri wake ni kwamba hakihesabu watu. Mgeni akiingia unaongeza ndizi mbili, hakuna anayejua.

Mama wa Mbagala

Mangi, hapa Mbagala ndizi ni za kununua, lakini maharage ninayo na kesho zamu yangu ya kitu kimoja kibichi itakuwa ndizi. Hayo magadi naweka kiasi gani? Mara ya mwisho niliona mtu kaweka chakula kikawa kichungu.

Mangi wa Shamba

Ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria ya watu sita. Yaloweke kwanza kwenye kikombe cha maji, yaache yatulie, mimina maji ya juu tu, mchanga ubaki chini. Na yatie mwanzo na ndizi, sio mwisho.