Tupeane uzoefu: wese la oktani kubwa kwenye gari la familia, kuna faida au tunajifariji?

Siti_Saba
Wadau, leo niko kwenye pampu nashika ile petroli ya oktani 98 kama kawaida yangu, mtoto akauliza "baba kwani hiyo ina nini?" nikakosa jibu. Gari lenyewe halina tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi), linabeba watoto na mabegi tu, ila miaka yote najiambia linakuwa jepesi. Waliojaribu zote waje hapa, za kusikia sitaki.

Daftari_la_Dereva
Mimi niliandika kabisa. Tangi sita, tatu za 95 tatu za 98, njia ileile ya kupeleka watoto shule. Tofauti niliyoiona ni ndogo kuliko ya ile wiki niliyosahau kujaza upepo matairi. Na kilichoniuma zaidi, wiki za 98 nilikuwa naendesha kwa adabu maana nimeumia mfukoni, kwa hiyo hata hako katofauti sijui ni ka mafuta au ka mguu wangu.

Mama_Pacha
Hapo kwenye adabu umenisema mimi.

Spana_17
Fundi hapa. Oktani sio nguvu. Ni uvumilivu wa petroli kubanwa ndani ya silinda isijilipukie yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ikijilipukia ndio unasikia injini inagonga, kama kokoto kwenye kopo. Injini isiyobana sana hiyo 98 haina pa kuifanyia kazi. Fungua kifuniko cha tangi, imeandikwa 91 weka 91 ukalale.

Nyumba_Ndogo_Tabo_Kubwa
Fundi usitujumlishe. Langu ni la familia vilevile ila lina tabo na kijitabu kinataka 98. Nikajifanya mjanja nikaweka 91, siku hiyo tunapanda mlima mrefu, watu watano ndani, mizigo hadi juu, kiyoyozi kinapuliza. Nakanyaga gari haliendi! Lori linanipita, watoto wanalipungia mkono, mke wangu kimya na mnajua kile kimya. Kumbe kuna sensa ikisikia injini inagonga inachelewesha cheche ili isijiumize, nguvu ndio inapopotelea hapo.

Spana_17
Sasa mkuu si ndio nilichosema? Kijitabu ulisoma, ukakaidi.

Nyumba_Ndogo_Tabo_Kubwa
Ulisema 98 haina kazi.

Spana_17
Rudia kusoma taratibu.

Mzee_wa_Kabureta
Vijana mnagombana bure, 98 inasafisha injini, mimi natumia tangu zamani.

Spana_17
Shikamoo mzee, ila hapana. Inayosafisha ni dawa inayochanganywa kwenye mafuta, na inaweza kuwemo hata kwenye 91. Halafu haya magari yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mafuta hayapiti kwenye valvu za kuingiza hewa, yatazisafishaje?

Mzee_wa_Kabureta
Marahaba. Langu lina kabureta, petroli inachanganyika na hewa kabla ya hizo valvu.

Mama_Pacha
😂😂 fundi kalala

Mpita_Njia
Mimi nilikodi gari Marekani nikaona pampu imeandikwa 87, nikakataa kujaza nikijua ni maji. Kumbe wao wanachukua wastani wa vipimo viwili, 87 yao inakaribiana na 91 ya nchi nyingine.

Mkwe_Mtarajiwa
Uzi huu umenitonesha kidonda. Nilikuwa na gari la dizeli la kuazima, nimewapakia wakwe zangu watarajiwa, nataka kuonekana mtu. Nikamwambia mhudumu kwa sauti, wasikie, "nijazie ile bora kabisa". Naye akanijazia petroli ya bei ya juu, fulu tangi, mimi nipo bize kumfungulia mama soda. Tumetoka kidogo tu gari likaanza kutetema, likalia kama linasaga chuma, likazima katikati ya barabara tukiwa tumevaa suti. Fundi akasema pampu ya presha kwenye dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli inaikausha, vyuma vinalika na vile vichenga vinaenda hadi kwenye noza. Pampu, noza, kusafisha mfumo mzima. Gari la watu!

Daftari_la_Dereva
Uchungu wa moyo.

Spana_17
Ukigundua ukiwa bado kituoni USIWASHE, hata swichi usizungushe, sukumeni pembeni tangi likamuliwe.

Nyumba_Ndogo_Tabo_Kubwa
Na ukishawasha?

Mzee_wa_Kabureta
Unapiga simu kwa mwenye gari ukiwa mbali naye.

Siti_Saba
Jamani mada yangu ilikuwa oktani. Nimetoka kuangalia kifuniko, imeandikwa 91. Miaka minane.

Mama_Pacha
Usimwambie mtoto.

Spana_17
Hujaharibu kitu mkuu, umepoteza hela tu. Likianza kugonga uzeeni kwa masizi ndani ya silinda, hapo jaribu kupanda daraja moja.

Mpita_Njia
Sisi tunasubiri, ndoa ilifungwa au haikufungwa?

Mkwe_Mtarajiwa
Ilifungwa. Ila baba mkwe akipanda gari langu, kwanza anashuka kusoma pampu.