Ruzuku ya masomo ya mbali na tiba mtandao kijijini: bando la mwaka wa pili analipa nani?

MwalimuWaNyikani (Longido, Arusha)

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha fizikia na hesabu sekondari ya kata huku Longido, upande wa nyuma wa mlima Ketumbeine. Fizikia niko peke yangu, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Mwalimu wa kemia alihama Februari, kwa hiyo kemia nayo "naishikilia" kwa muda. Mnajua muda huo unavyokuwaga.

Shemeji yangu ni muuguzi Marekani, kwenye kliniki ya mji mdogo tu. Juzi kwenye simu ananiambia daktari bingwa wanamwona kwenye skrini, na hizo skrini zimenunuliwa kwa ruzuku ya wizara ya kilimo. Nikamwuliza mara mbili: kilimo? Akasema kilimo. Anadai fungu hilohilo linawapa na shule, mwalimu mmoja akafundisha shule tatu kwa mpigo.

Sasa mimi na mganga mfawidhi wa zahanati (tumetenganishwa na korongo tu) tumekubaliana kuandika andiko moja la pamoja tulipeleke halmashauri, kuna wafadhili watapita mwisho wa mwezi. Hiyo ruzuku ya Marekani sisi tunaweza kuomba? Na kama hapana, kwenye andiko tuweke nini?

Nauliza kwa sababu tumeshaumia. Miaka kadhaa nyuma mradi mmoja ulituletea projekta, spika na laini ya intaneti iliyolipiwa miezi 6. Mwezi wa 7 ikakata. Projekta ipo stoo, nimeifungua jana: nyigu wamejenga ndani ya boksi, kiota cha udongo kimekaa sawasawa juu ya lenzi. Nina wanafunzi 286. Fedha ya elimu bila malipo ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na si yote inayotufikia, nyingine inabaki kwa ajili ya vitabu. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati. Nimwambie mkuu wa shule tukate ya bando?

MbebaBoksi

Shemeji yako yuko sahihi. Huku Marekani mambo mengi ya vijijini yako chini ya wizara ya kilimo tangu enzi za Rais Roosevelt. Walikuwa na wakala wao wa umeme vijijini wa 1935, ukiufupisha kwa Kiingereza chao unapata REA kama yetu, ukaingizwa wizara ya kilimo mwaka 1939. Baada ya nguzo za umeme zikaja simu, baada ya simu intaneti, na ruzuku ya masomo ya mbali na tiba mtandao ikazaliwa humo humo.

Kuomba hamwezi, ni ya vijiji vya kwao. Lakini soma masharti yake maana yana somo. Ruzuku inaanzia dola 50,000 mpaka 1,000,000, mwombaji anachangia angalau 15%, na eneo linalohudumiwa lisizidi watu 20,000. Inanunua vifaa: kamera, skrini, kompyuta, programu, na mafunzo ya kuvitumia. Mshahara hailipi.

Bili ya kila mwezi ina mfuko mwingine kabisa, uliotokana na sheria ya mawasiliano ya 1996. Shule inapunguziwa kati ya 20% na 90% kulingana na umaskini wa eneo na kama ni kijijini. Kliniki za vijijini zina mpango wao unaobeba 65%. Kwa hiyo hata huku kwenye hela, aliyenunua skrini siye anayelipa mtandao. Kwenu alikuja wa skrini tu.

MzeeWaMipango (Arusha)

Nimestaafu, nilikaa idara ya mipango halmashauri miaka mingi, siitaji ipi.

Mwalimu, mfuko wa namna hiyo na sisi tunao: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, sheria ya 2006, ukaanza kazi 2009. Makampuni ya simu yanachangia, halafu fedha inarudi vijijini. Watu wanachokosea ni kudhani ruzuku ya mnara inakuja kwa kijiji. Inakwenda kwa kampuni, kwa zabuni, ili ikajenge pale ambapo kibiashara isingejenga. Ile mikataba ya minara 758 iliyosainiwa Dodoma 2023 ndiyo hiyo. Mfuko huohuo umepeleka vifaa vya TEHAMA kwenye shule za serikali, kwa hiyo mwambie mkuu wa shule aandike barua kupitia kwa mkurugenzi, asikae kusubiri.

Kuhusu bando: usiliweke kwenye andiko la mfadhili peke yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila ukienda Mei umechelewa, vitabu vimeshafungwa. Anza na mkutano wa kijiji, mihtasari iende kamati ya maendeleo ya kata, iingie kwenye bajeti kama kifungu chenye jina lake. Ukilificha ndani ya "matumizi mengineyo" litaliwa na mafuta ya gari. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na pengine kwa mkono wangu pia.

TabibuMstaafuMtarajiwa (Moshi)

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi.

Nilikuwa zahanati moja tambarare ya Same kabla ya kuhamia Moshi. Mwambie mganga wako asikimbilie video. Video inataka mtandao uliotulia na daktari aliyekaa anakusubiri, na vyote viwili havipatikani saa nne asubuhi ya siku ya kliniki ya watoto. Kilichotufaa ni picha na maelezo. Mgonjwa wa ngozi, kwa mfano: unapiga picha ya karibu na ya mbali, rula pembeni, unaandika umri, ameanza lini, ameshatumia dawa gani. Jioni napanda kwenye msingi wa tanki la maji, ndipo vijiti viwili vya mtandao vilipokuwa vinapatikana, natuma. Jibu linakuja kesho. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, wataalamu wapo, tatizo ni njia ya kuwafikia.

Mgonjwa aridhie kwanza, na msitume kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022.

Na mwandike jina la mtu. Nani anapokea jibu mganga akiwa likizo? Sisi mama mmoja jibu lake lilikaa kwenye simu yangu siku tisa nikiwa msibani Mwanga. Alipona, lakini bado linanikera.

FundiSola_Moshi

Achana na projekta, nyigu wamekusaidia. Projekta inakula kama wati 250, saa tatu ni wati-saa 750. Runinga ya inchi 43 haifiki hata 100. Betri moja ya 200Ah ya volti 12 ni wati-saa 2,400, tumia nusu tu ili idumu. Kwa runinga unafundisha kutwa, na kishkwambi unachaji.

Masomo usiyavute mtandaoni kila siku. Weka kompyuta ndogo yenye Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti), masomo yanakaa humo, wanafunzi wanayapata kwa waifai ya darasani bila bando. Bando linabaki la kuongeza masomo mapya. Na andika betri mpya mwaka wa nne, hakuna anayeandikaga.

MwalimuWaNyikani

Asanteni sana wakuu. Vishkwambi vipo, vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, vyangu na vya wenzangu ni vinne vinavyowaka. Mzee wa Mipango, mkutano wa kijiji ni Jumamosi, nimeshamwambia mwenyekiti. Kwenye mchango wetu, nimeiga ile 15% ya Marekani, nimeandika chumba, mchanga, na mlinzi.

Fundi, swali moja. Zahanati wana sola ya friji ya chanjo, jua la huku mpaka linabaki. Nilitaka nivute waya nianze na runinga wakati tunasubiri. Mganga amenikatalia hata kuchaji simu.

FundiSola_Moshi

Yuko sahihi. Usiiguse.