Mjadala: Fundi wa urembo aajiriwe kwa vyeti vya bidhaa, au kwa mkono wake na tabia yake?

Wadau wa urembo, wa Tanga na kwingineko, naomba tulijadili hili kwa uwazi.

Juzi tulikaa wenye saluni kadhaa hapa Ngamiani. Mmoja wetu akaleta pendekezo: kuanzia sasa tusiajiri fundi asiye na cheti cha mafunzo ya bidhaa. Anazungumzia zile semina za siku moja au mbili wanazoendesha mawakala wa vipodozi hotelini. Wanakuonyesha seti yao ya fesho, yaani ya kusafishia na kutunzia uso, hatua kwa hatua, jioni unapigwa picha na cheti, na ukiondoka umeshabeba kopo mbili tatu za kuanzia. Hoja yake ni kwamba mteja wa leo anasoma kwenye simu kabla hajaja, anakuja na maswali, na fundi asiyejua bidhaa anatuvunjia heshima. Wengi wakaafiki. Mimi nikapinga, na nikaambiwa nimepitwa na wakati.

Nina miaka 19 kwenye kazi hii. Nikiajiri, cheti nakitazama mwisho. Kwanza nampa binti beseni, namwambia amuoshe mteja miguu. Basi. Halafu nakaa pembeni. Yupo anayemimina maji na kumwambia mama wa watu atie miguu. Yupo anayechovya kwanza kiwiko chake, anaongeza maji baridi kidogo, ndipo anaushika mguu kwa mikono miwili na kuutia taratibu. Yupo anayeuona ufa kwenye kisigino akanyamaza, akaanza kusugua. Na yupo, mmoja kwa wengi, anayeuona ufa ule, akaacha, akamuuliza mteja: "Mama, una sukari?" Huyo wa mwisho namwajiri siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu mguuni, na kidonda kidogo ulichomfungulia kwa jiwe la kusugulia kikamfikisha hospitali ya Bombo. Hakuna semina ya kopo niliyohudhuria iliyonifundisha swali lile.

Sasa nieleze kilichonifanya niwe mgumu hivi. Nilikuwa na fundi mwenye vyeti vitano vya bidhaa, kavitundika ukutani kwa fremu. Akaja mteja kutaka kuchubuliwa uso kwa asidi ya matunda. Kipeperushi kimeandika dakika 10, fundi akampa dakika 10, hakukosea hata moja. Ila hakumuuliza anapaka nini nyumbani. Kumbe dada yule alikuwa ametumia mkorogo kwa muda mrefu, ngozi imekwisha. Siku ya tatu karudi kajitanda ushungi mpaka machoni. Mashavu yameungua, na yalipopona yakaacha mabaka meusi kuliko alivyokuja. Ngozi zetu ndivyo zilivyo, ikijeruhiwa inaweka weusi pale pale, na weusi ule hukaa miezi. Nilimrudishia pesa. Uso sikuweza kumrudishia.

Fundi wangu alijitetea kwa kunionyesha kipeperushi. Toka siku hiyo najiuliza, dakika zile 10 zilipimwa kwa ngozi ya nani? Wengine mtalijua jedwali la Fitzpatrick la kupanga aina za ngozi. Lilipotungwa mwaka 1975 lilikuwa na aina nne, zote za watu weupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikafika sita. Kama kitabu cha wataalamu kilitusahau mwanzoni, tusishangae karatasi ya ndani ya boksi ikitusahau mpaka leo. Ndiyo maana nataka fundi anayetazama uso kabla hajatazama maelekezo.

Wanaonipinga wana mfano wao, nao ni mzito, siwezi kuupita. Kulikuwa na mpambaji wa maharusi, mpole, mchangamfu, wateja walimpenda kama ndugu. Semina hata moja hajawahi kukanyaga. Akampaka bi harusi maua kwa piko, ile dawa ya nywele nyeusi, kwa sababu hina peke yake inatoa wekundu wa kahawia na bibi harusi alitaka weusi wa mara moja. Mikono ikatoka malengelenge kufuata mchoro, ua kwa ua. Kilichomuunguza ni PPD, kemikali iliyomo kwenye rangi zile za nywele, na kuna watu ikiwagusa mara moja tu, miili yao haiisahau tena. Wenzangu wanasema: haya, huyo tabia anayo, imemsaidia nini?

Nawajibu hivi. Uchangamfu siyo tabia ninayoizungumzia. Kucheka na mteja, kumwita shoga, kumtilia chai, hayo ni mazuri, lakini hayamlindi mtu. Tabia ya kazi hii ni kuweza kusema "hili silijui, ngoja nipime." Yule wa vyeti vitano na yule wa piko wameanguka shimo moja. Hakuna aliyeuliza, wala hakuna aliyepaka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko akasubiri saa 48. Mmoja alikiamini kipeperushi, mwingine aliyaamini mazoea.

Nao upimaji huo si mgeni kwetu. Bibi yangu, Makorora, alikuwa kungwi. Singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia mwari mwili, alisaga mwenyewe, na liwa, ule mti wa manukato, anaisugua juu ya jiwe na marashi mpaka inakuwa uji laini. Kabla hajampaka mwari mwili mzima alimpaka kwanza upande wa ndani wa mkono, akamwacha alale nayo. Asubuhi anautazama ule mkono dirishani, kwenye mwanga, huku kaushika kwa ncha za vidole. Ukiwa na vipele, singo ile hapakwi, hata kama shughuli ni kesho na wageni wameshashuka toka Pangani. Alibadilisha mchanganyiko.

Msinielewe vibaya, sisemi elimu haina maana. Nasema semina ya wakala siyo elimu ya urembo, na tukiliacha jina moja libebe vitu viwili tutaumia. Diploma ya CIDESCO, chama cha kimataifa cha urembo kilichoanzishwa mwaka 1946, inadai saa 1,200 za mafunzo. Mwili wa binadamu umo, ngozi na magonjwa yake yamo, usafi wa vifaa umo. Linganisha na siku moja ya hotelini yenye chai ya saa nne na chakula cha mchana. Nyumbani kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na aliyejifunza kwa kushika mkia wa fundi mwenzake anaweza kwenda kupimwa ujuzi wake ukatambuliwa. Cheti cha namna hiyo nakiheshimu.

Wakala kazi yake ni kuuza, simlaumu. Lakini hatakufundisha kusoma kopo la mwenzake, na la kwake atakusomea upande wa mbele tu. Mimi namtaka fundi anayeligeuza kopo. Akiona haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki kwa majina yake yote, hata ikijiita "calomel", aliweke chini. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, na viambato hivyo vimepigwa marufuku, lakini sote tunajua vinavyoendelea kuuzwa mitaani. Fundi aliyekopa seti ya laki kadhaa ili apate cheti, kila uso unaoingia mlangoni atauona unahitaji ile seti. Deni linamsukuma. Hapo tabia nzuri ya binti inaharibiwa na sisi wenyewe.

Kuna hoja moja imenigusa kuliko zote, nayo niliipata kwa fundi wa Chumbageni, siyo kwa mwenye saluni. Alisema: "Dada, nyie mkisema tabia nzuri mna maana ya mtu asiyenung'unika. Asimame toka saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, asiulize malipo. Cheti angalau kina maandishi, tabia unaipima wewe kwa hasira zako." Nilikosa jibu pale pale. Nimelala nalo. Ana haki. Kwa hiyo ninayepima tabia lazima niseme wazi napima nini, na kwangu ni vitu vitatu: kuuliza kabla ya kugusa, kupima kabla ya kupaka, na kukataa panapofaa kukataa.

Hicho cha tatu ndicho kinachotushinda, tukubali. Fundi wengi wa hapa Tanga hawana mshahara, wanagawana na mwenye saluni malipo ya kila mteja. Akimkatalia mteja kwa sababu ngozi haiko sawa, siku hiyo analala njaa. Tunamtaka awe na ujasiri kisha tunamlipa kwa kutokuwa nao.

Mimi tangu mwezi uliopita nimebadilisha. Fundi wangu akimrudisha mteja kwa sababu ya ngozi na akaniandikia sababu kwenye daftari, namlipa nusu ya fungu lake kama vile amemhudumia. Nimeshalipa mara nne. Mara mbili nilipoisoma sababu niliona mimi mwenyewe ningempaka tu.

Kwa hiyo kabla hatujapitisha lile azimio la vyeti, nawauliza wenye saluni wenzangu: fundi wako akimkataa mteja kesho asubuhi, jioni atakwenda nyumbani na shilingi ngapi?